Kompyuta ya mtumba yenye Xeon ya viini sita: niliyoinunua Lubumbashi kuchunguza kifungo cha kwaki

Nianze na jibu, maana anayesoma tathmini kama hii mara nyingi anataka kujua jambo moja tu: atoe pesa au asitoe. Toeni. Ila betri za kukabili umeme unaokatika zinunuliwe kwanza, mashine ifuate.

Ninazozungumzia ni zile kompyuta nzito za mnara ambazo ofisi za wahandisi na wachoraji majengo kule Ulaya huzitumia miaka kadhaa, kisha zikatiwa kontena, zikashushwa Dar es Salaam, zikapandishwa lori kupitia Zambia hadi Kasumbalesa, mpakani. Hapa mjini maduka ya mitumba yamejaa hizo. Yangu ina prosesa ya Intel, Xeon E5-1650 v3, iliyotoka mwaka 2014: viini 6, kasi ya GHz 3.5, kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 15. Muuzaji alianzia dola 450, tukafunga kwa 350, bila skrini. Ninafundisha fizikia shule ya sekondari huku Kampemba, na jioni ninaandika tasnifu yangu ya fizikia ya nadharia. Mada ni kifungo cha kwaki, yaani kwa nini kwaki hazitoki nje ya protoni hata uzivute namna gani. Chombo cha kulichunguzia swali hilo ni hesabu za latisi, na hesabu za latisi hazifanyiki kwa kalamu.

Kwa yule ambaye jambo hili ni geni: mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba protoni imeundwa na vitu vidogo zaidi, tunavyoviita kwaki. Tangu hapo hakuna mtambo wowote uliokamata kwaki moja ikitembea peke yake. Mwaka 1973 David Gross, Frank Wilczek na David Politzer walionyesha kwamba nguvu inayozishika hulegea kwaki zikikaribiana. Kwamba hukaza zikitengana, hesabu ya kawaida ya karatasi haifiki huko. Ndipo mwaka 1974 Kenneth Wilson akaukata ulimwengu vipande: badala ya nafasi na wakati visivyo na mapengo, akaweka nukta zilizopangwa kwa safu, ndiyo latisi, na kati ya nukta na nukta akaweka kiungo kinachobeba uga wa gluoni, yaani chembe zinazobeba nguvu hiyo. Ukiwa na nukta zenye idadi, kompyuta inaweza kuhesabu.

Wilson alithibitisha kifungo pale ambapo nguvu ni kubwa mno na nukta zimeachana mbali. Ulimwengu wetu uko upande wa pili, nukta zikikaribiana. Je, njiani kutoka upande mmoja hadi mwingine kifungo hakifunguki? Michael Creutz wa maabara ya Brookhaven, Marekani, alipiga hesabu hiyo kwa kompyuta na kuitoa mwaka 1980, kwa kundi la SU(2), ambalo ni toleo jepesi la nadharia hii, akaona njia ni moja, haina mlango unaofunga. Kompyuta aliyotumia leo inashindwa na simu iliyo mfukoni mwako. Hicho ndicho kilichonipa moyo wa kwenda kununua mtumba. Uthibitisho kamili wa kihisabati mpaka leo haujapatikana. Taasisi ya Clay iliweka mwaka 2000 zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeiweka nadharia ya Yang na Mills, ambayo ndiyo nadharia ya nguvu za aina hii, kwenye msingi imara wa hisabati na kuonyesha kwamba ina pengo la uzito, yaani hata chembe yake nyepesi kabisa ina uzito, na zawadi hiyo bado iko mezani. Tulichonacho ni hesabu za kompyuta, na ni hesabu zinazosadikisha.

Kuna jambo jingine ambalo mimi kama Mkatanga siwezi kuliruka. Njia tunayotumia kuchagua hali za latisi kwa kubahatisha kwa kanuni ilichapishwa mwaka 1953 na Nicholas Metropolis pamoja na wenzake wa Los Alamos, ile maabara iliyotengeneza bomu la atomiki. Urani ya mradi ule kwa sehemu kubwa ilichimbwa kwenye mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, hapa kwetu Katanga. Madini yetu yalikuwepo mwanzoni mwa historia hii. Naona ni haki yetu kabisa kuwepo pia kwenye hesabu.

Sasa mashine yenyewe. Dukani muuzaji, kijana mwenye adabu, aliniambia: "Yaya, hii ilikuwa ya wachoraji wa majengo, hii haifi." Nikamjibu: "Ndugu yangu, fungua mfuniko nione ndani." Fanyeni hivyo kila mara. Karatasi iliyobandikwa juu ilisema kumbukumbu ni GB 32, ndani kulikuwa na vijiti viwili vya GB 8. Hakubisha, akaongeza viwili palepale. Kisha akataka kuniuzia nyingine zifike GB 64, na hapo ndipo ninataka kukaa kidogo, kwa sababu wanafunzi wengi hupoteza pesa hapo.

Chukua latisi yenye nukta 16 kila upande, pande nne: tatu za nafasi, moja ya wakati. Hizo ni nukta 65,536. Kila nukta ina viungo vinne, basi viungo ni 262,144. Kiungo cha SU(2) kinaandikwa kwa namba nne, kila namba baiti 8. Zidisha: ni MB 8 tu. Ulimwengu wako wote unakaa ndani ya kashe ya prosesa hii na nafasi inabaki. Hata ukienda SU(3), ambalo ndilo kundi la kwaki za kweli, kiungo kinataka namba 18, na latisi ileile inafika kama MB 38. GB 64 za nini? Hesabu hii hailali njaa kwa kukosa kumbukumbu, inalala njaa kwa kukosa muda. Pesa hiyo ipelekeni kwenye betri. Kitu kimoja tu nilichokipenda kwenye kumbukumbu za mashine za aina hii ni kwamba zinajisahihisha zenyewe makosa madogo, na kwa hesabu inayokwenda usiku kucha hilo si anasa.

Kasi yake imeniridhisha. Programu yangu nimeiandika kwa lugha ya C, juu ya Linux, kwa njia ile ya Creutz ya kukipa kila kiungo thamani mpya kulingana na majirani zake. Pitio moja la latisi ya 16 kwa pande zote nne halimalizi sekunde moja kwenye kiini kimoja. Viini viko sita, basi ninaendesha thamani sita za beta kwa pamoja. Beta ndiyo inayoamua nukta ziko karibu kiasi gani: beta ikipanda, nukta zinasogeleana.

Atakayenunua mashine kama hii aipime kabla ya kuiamini. Mtihani wa kwanza ni beta ndogo, 0.5. Huko wastani wa mraba mdogo kabisa wa latisi, yaani wa viungo vyake vinne vikizidishwa, unajulikana kwa kalamu: unakaribia robo ya beta, na kwa usahihi zaidi ni 0.124. Mtihani wa pili ni beta 2.4, ambapo wengi wameshahesabu na jibu ni 0.630. Mashine yangu ilitoa yote mawili, na tarakimu zikatulia vizuri. Ukikosa hizo, usiendelee, tafuta kosa kwenye programu.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe. Unachora mstatili juu ya latisi, upande mmoja nafasi, upande mwingine wakati, unazidisha viungo vyote vya mpakani, unachukua wastani. Hicho ni kitanzi cha Wilson. Kwaki zikiwa huru, kitanzi kinapungua kwa kufuata urefu wa mzingo wake. Zikiwa zimefungwa, kinapungua kwa kufuata eneo lake, na kiwango cha kupungua kinakupa mvutano wa uzi unaoziunganisha. Ukilinganisha vitanzi vinne vya ukubwa unaokaribiana kwa uwiano aliouweka Creutz, mchango wa mzingo unajifuta, unabaki wa eneo. Pale beta 2.4 niliona namba zikishuka kadiri kitanzi kinavyopanuka, halafu zikaanza kulala kuelekea 0.07. Hazikwenda sifuri. Zingekwenda sifuri, kusingekuwa na kifungo.

Ile 0.07 ukiigeuza kuwa vipimo vya kawaida, umbali wa nukta mbili unatoka kama femtomita 0.12 (femtomita ni sehemu moja ya trilioni ya milimita), na boksi zima lina upana wa femtomita 1.9, linalotosha protoni moja. Nguvu ya uzi nayo ni takriban GeV 1 (GeV ni kipimo cha nishati cha wanafizikia wa chembe) kwa kila femtomita, sawa na uzito wa tani 16. Lori la shaba linaloelekea Kasumbalesa hubeba kama mara mbili ya hapo. Nusu lori linaning'inia kwenye kitu kisichofika hata upana wa protoni, na nguvu hiyo haipungui ukizidi kuvuta. Nilipowaambia wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia.

Kelele ya takwimu ndiyo adui. Kitanzi kikubwa kina thamani ndogo sana, lakini kosa la kubahatisha linabaki palepale. Ili upunguze kosa mara kumi lazima ukusanye vipimo mara mia. Kwa hiyo swali la kweli kuhusu mashine si "ina kasi gani?" Swali ni "inaweza kukesha bila kuzimika?"

Na hapo tunarudi kwenye umeme. Nilifunga mita ukutani: mashine ikipumzika inakula wati 70 hivi, viini vyote sita vikifanya kazi inafika karibu 190. Mtaa wetu delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, inakuja bila kubisha hodi, na kuanzia Novemba mvua za radi zinazidisha tatizo. Shemeji yangu, ambaye ni fundi umeme, alinifungia inveta na betri moja ya volti 12, Ah 200. Kwa karatasi hiyo ni kWh 2.4, lakini betri ya risasi ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua mapema, basi hesabu kWh 1.2. Kwa viini sita nilipata saa tano hivi. Kwa viini vitatu usiku wote unapita. Nimechagua vitatu usiku, sita mchana jua linapochaji. Betri na inveta pamoja zilinigharimu zaidi ya kompyuta, na anayepanga bajeti aanze kwa kuangalia mstari huo.

Hata ukiwa na betri, programu iandikwe kana kwamba umeme utakatika dakika hii. Yangu inahifadhi hali nzima ya latisi kila baada ya mapitio 500, na pamoja nayo hali ya jenereta ya namba nasibu, ili ikiamka iendelee na mfuatano uleule. Tena haiandiki juu ya faili la zamani. Inaandika faili la muda, ikishamaliza na diski kukubali, ndipo inabadilisha jina. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili la zamani liko salama. Inachukua mistari michache tu ya programu na inaokoa usiku mzima.

Joto: Juni na Julai, usiku ukiwa na baridi, feni hazisikiki. Oktoba ni habari nyingine. Feni zinapanda, na watoto waliolala chumba cha pili wananiuliza asubuhi kama kulikuwa na gari nje. Grisi ya prosesa ilikuwa imekauka kabisa nilipoinunua. Fundi aliibadilisha kwa dola 5 na joto likashuka ghafla. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia kila tundu, basi nimeweka kitambaa chepesi mbele ya matundu ya hewa na ninakifua mara kwa mara.

Kama kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwalimu wa fizikia wa mji huu alione kwenye mashine ya bei hii, ni kifungo kikifunguka. Unachukua latisi fupi upande wa wakati: nukta 4 tu, na nukta 12 kwa pande tatu za nafasi. Ufupi wa wakati kwenye hesabu hizi maana yake ni joto, na ukipandisha beta unapandisha joto. Unapima kitu kinachoitwa kitanzi cha Polyakov: viungo vinavyozunguka latisi nzima kupitia wakati. Kwa SU(2) yenye nukta 4 za wakati, mpaka uko beta 2.30. Nilileta wanafunzi sita nyumbani Jumamosi, tukaanza beta 2.2. Chati ya vipimo ikajichora kilima kimoja, kilele chake kwenye sifuri: kwaki moja peke yake haiwezekani. Tukaenda 2.3, kilima kikatanuka na kulegea juu, hakijui kisimame wapi. Tukaenda 2.4, katikati pakazama na pembeni pakainuka vilima viwili, kimoja upande wa hasi na kingine upande wa chanya. Binti mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akasema, "Madamu, zimetoka." Ndiyo, zimetoka. Latisi ni ndogo, inakwenda haraka, na wanafunzi waliona yote hayo kabla ya chakula cha mchana. Katika ulimwengu wa kweli badiliko hilo hutokea kwenye joto la kama digrii trilioni 1.8, nalo limechunguzwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, na Brookhaven kwa kugonganisha viini vizito vya atomu.

Mipaka nayo isemwe wazi. SU(2) si maumbile, ni ndugu mdogo wa SU(3). Ina kifungo, ina uzi, inafundisha karibu kila kitu kuhusu swali hili, lakini badiliko lake la joto ni la ulaini, wakati SU(3) tupu, isiyo na kwaki ndani yake, hubadilika kwa kuruka. SU(3) mashine hii inaimudu pia, ila polepole zaidi. Kwenye beta 6.0 nilipata wastani wa mraba 0.594 kama inavyotakiwa, na nimeridhika nao. Isichokimudu ni kwaki zinazoishi ndani ya latisi, zinazozaliwa na kufa. Hizo ndizo zinazokata uzi: ukivuta mno, nishati inazaa jozi mpya ya kwaki na unabaki na chembe mbili badala ya uzi mrefu. Hesabu ya namna hiyo inataka mashine kubwa za taasisi. Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Ulaya lilipohesabu uzito wa protoni na ndugu zake kwa njia hii, lilitumia kompyuta kubwa za Blue Gene za Jülich, Ujerumani. Atakayekwambia mnara wa dola 350 unafanya hivyo, mwache aende zake. Kadi ya picha iliyokuja na mashine yangu nayo ni ya zamani. Inaonyesha skrini, basi.

Kwa hiyo ukienda dukani, tafuta prosesa yenye viini sita au nane kuliko kumbukumbu nyingi, dai kufunguliwa mfuniko, washa mashine na uiache ifanye kazi nzito nusu saa huku umeshika mkono nyuma kwenye hewa inayotoka. Diski ya zamani ibadilishe kwa SSD hata ndogo, hali za latisi utakazohifadhi ni MB 8 kila moja. Usilipe zaidi ya dola 400 kwa mashine ya umri huu. Nilirudi duka lilelile kumchukulia mwenzangu wa masomo nyingine ya aina hiyo. Muuzaji aliponiona akaufungua mfuniko kabla sijasema kitu, na vijiti vyote vinne vilikuwa mahali pake.